Mama ameacha diklofenaki, sasa anakunywa manjano, tangawizi na mululuza, na goti limetulia: ni mmea au ni kitu kingine?

#1 MjukuuWaBombo
Salaam kwenu nyote. Mama yangu amepita miaka sitini, na kwa muda mrefu amesumbuliwa na magoti, hasa la kulia, ambalo daktari alieleza kwamba gegedu yake imelika. Alikuwa akimeza diklofenaki karibu kila siku mpaka tumbo likaanza kumchoma, akaziacha na kugeukia mchanganyiko anaochemsha mwenyewe: manjano ya unga, tangawizi mbichi iliyopondwa, pilipili manga kidogo, na majani machache ya mululuza, ule mmea mchungu. Siku hizi anatembea mpaka sokoni na kurudi bila kulalamika. Swali langu ni hili: je, katika mimea hii kuna kitu kinachopunguza mchochota, yaani ule uvimbe wenye joto na maumivu, au tunajidanganya kwa sababu tunampenda mama? Naomba hoja, si matangazo ya biashara.

#2 MkulimaButambala
Karibu, ndugu. Mimi nalima tangawizi, kwa hiyo mnichukulie kama shahidi mwenye maslahi. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kiambata kiitwacho jinjeroli, na tangawizi inapokaushwa sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi ulimini. Vyote viwili vimeonekana maabara vikizuia vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini, ambazo ndizo kemikali za mwili zinazoamsha uvimbe na maumivu. Mama yako akitaka nguvu zaidi, atumie iliyokaushwa vizuri. Sijataja bei yangu, kama ulivyoomba.

#3 FundiJinja
Sioni cha kubishania hapa. Aspirini yenyewe ilitoka mtini. Mwaka 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliiandikia jumuiya ya wanasayansi ya London akieleza kwamba amewapa watu wapatao hamsini unga wa gome la mti unaoota kandokando ya maji, na homa zao zikatulia. Baadaye viwanda vikachukua maarifa hayo, vikayatia ndani ya kidonge na kutuuzia. Mama anakunywa kitu kilekile kabla hakijapita kiwandani, na bila kulipia boksi.

#4 MfamasiaMbale
Fundi, habari ya Stone ni sahihi, lakini hitimisho lako limeruka hatua kadhaa. Gome lile lina salisini, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya salisiliki, na asidi hiyo peke yake ilikuwa ikiwaumiza watu tumbo vibaya. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer aliiongezea kundi la asetili, na dawa ikaingia sokoni mwaka 1899 kwa jina la Aspirin. Kundi hilo dogo ndilo linaloifanya aspirini ikizuie kimeng'enya kwa njia isiyorudi nyuma na kuzifanya chembe za kugandisha damu zishindwe kazi kwa siku kadhaa, jambo ambalo gome haliwezi kulifanya kwa kiwango hicho. Tena namna aspirini inavyofanya kazi haikujulikana mpaka John Vane alipoionyesha mwaka 1971. Kwa hiyo si kitu kilekile.

Nikirudi kwa mama: kiambata kinachosifiwa katika manjano ni kukumini, nayo ni takriban asilimia 3 tu ya uzito wa unga. Thailand walichapisha mwaka 2014 jaribio la wagonjwa 367 wa magoti yaliyolika, ambapo kundi moja lilipewa dondoo ya manjano ya miligramu 1500 kwa siku na jingine ibuprofeni ya miligramu 1200. Baada ya wiki nne dondoo haikuachwa nyuma na ibuprofeni, na malalamiko ya tumbo yalikuwa machache zaidi. Habari hiyo ni njema, lakini ile ilikuwa dondoo iliyokolezwa. Ili kupata kukumini kiasi hicho kutoka kwenye unga wa jikoni, mama angehitaji karibu gramu 40 hadi 50 kila siku, yaani zaidi ya vijiko kumi vya chai. Je, anatia vijiko vingapi?

#5 MjukuuWaBombo
Asante, Mfamasia. Anatia kijiko kimoja cha chai, tena si cha kujaa. Lakini pilipili manga? Nimesikia kwamba ndiyo inayoifungulia manjano mlango.

#6 MsomiKikoni
Naweza kujibu hilo. Pilipili manga ina piperini, ambayo hupunguza kasi ya ini na utumbo kuibadili kukumini na kuitoa mwilini. Katika jaribio la India lililochapishwa mwaka 1998, watu waliopewa gramu 2 za kukumini pamoja na miligramu 20 za piperini walifyonza takriban mara ishirini zaidi ya walipopewa kukumini peke yake. Hata hivyo, nawaomba wenye wagonjwa wa kifafa wasome sentensi hii mara mbili: piperini hiyohiyo inaweza kupandisha kiwango cha fenitoini katika damu, na fenitoini si dawa ya kuchezea kipimo.

#7 MfamasiaMbale
Msomi amesema kweli, ila mara ishirini ya kidogo sana bado ni kidogo. Mwaka 2017 kundi la wanakemia lilichapisha mapitio marefu likieleza kwamba kukumini haitulii, huvunjika upesi ikiwa ndani ya maji yenye alkali hafifu kama ya damu, na huvuruga vipimo vingi vya maabara kiasi cha kuonekana kama inafanya kazi hata pale isipofanya. Sisemi kwamba jaribio la Thailand ni la uongo. Nasema tu kwamba hatujui kilichofanya kazi ni kukumini ya kwenye damu, au ni kitu kinachotokea utumboni kabla haijafyonzwa, au ni mafuta mengine ya manjano ambayo hakuna aliyeyapa umaarufu.

#8 TemboMasindi
Mnazunguka mbali wakati ushahidi upo nyumbani. Hapa kwetu, katika msitu wa Budongo, watafiti waliwafuata sokwe na kukusanya mimea ambayo wanyama hao huila kwa nadra, hasa wanapokuwa wagonjwa au wamejeruhiwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2024: aina 13 za mimea zilipimwa, na sampuli nyingi sana zilizuia bakteria, huku theluthi moja hivi zikipunguza mchochota. Kulikuwa na dume aliyeumia mkono ambaye alitoka kwenye kundi na kwenda kutafuta majani ya aina fulani ya kangaga, na kangaga hilo lilipopimwa likaonekana kuwa na nguvu dhidi ya uvimbe. Miti iliyooza ya Alstonia nayo ilifanya vizuri. Sokwe hana matangazo ya redio wala hatarajii kupona kwa sababu ya maneno matamu ya mganga. Na mululuza pia sokwe huutafuna, kwa hiyo mama yuko pamoja na wataalamu wa msituni.

#9 MsomiKikoni
Mzee Tembo, utafiti wa Budongo naufahamu na ni wa kujivunia, lakini nina marekebisho mawili. La kwanza, mambo ya mululuza yalielezwa kwa kina kutoka Mahale, Tanzania, ambako mwaka 1987 Michael Huffman na mwenzake wa Kitanzania walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini kichungu cha shina la mmea huo, na maelezo yaliyofuata yalihusu minyoo ya utumbo, si maumivu ya viungo. La pili, vipimo vya Budongo vilifanyika katika vyombo vya maabara, dondoo dhidi ya kimeng'enya. Hakuna aliyempima sokwe yule uvimbe wa mkono kabla na baada. Mululuza una viambata vichungu vya jamii ya laktoni, na viambata vya jamii hiyo huzuia mchochota maabara, ila kutoka hapo mpaka kwenye goti la mama pana safari ndefu.

#10 TemboMasindi
Nimekusikia, mwanangu, lakini sokwe aliyepona hasubiri maabara imthibitishe.

#11 BibiMaua
Wanangu, mimi ni mkazi wa Masaka na nimewachua watu magoti tangu ujana wangu. Mnaongea juu ya kinachonywewa, wala hakuna aliyeuliza kama mama anajipaka chochote. Sisi tunaponda kaamulali, yaani pilipili kali, tunaichanganya na mafuta ya kupikia, tunachua mpaka ngozi inawaka, kisha tunaweka kitambaa cha moto. Mujaaja, ule mmea wa jamii ya mrehani, tunautia kwenye maji ya kukandia. Maumivu hupungua mtu akiwa bado amekaa kwenye mkeka, kabla hata chai haijachemka. Sasa hayo mniambie ni kiambata gani.

#12 FizioGulu
Bibi, shikamoo. Swali lako ni zuri kuliko mengi yaliyotangulia, na lina majibu mawili ambayo mimi mwenyewe huona vigumu kuyatenganisha kazini. Pilipili ina kapsaisini, ambayo hushika kipokezi kilekile cha neva kinachohisi joto kali. Kipokezi hicho kilitambuliwa na kundi la David Julius mwaka 1997, na kazi hiyo ilimpa Nobeli ya mwaka 2021. Neva ikishawashwa sana, huchoka na kunyamaza kwa muda, na ndiyo sababu krimu na bandiko za kapsaisini zinauzwa hospitalini kwa maumivu ya neva na ya viungo. Mujaaja nao una eujenoli, kiambata kile kile kinachoipa karafuu harufu yake na ambacho madaktari wa meno hukitumia kutuliza jino.

Jibu la pili halihitaji mmea wowote. Wanasayansi Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 kwamba mguso na msuguo wa ngozi huweza kufunga njia ya maumivu katika uti wa mgongo kabla hayajafika kwenye ubongo. Ungechua kwa mafuta matupu, sehemu ya nafuu ingepatikana. Halafu kuna jambo ambalo mtoa mada amelipitia haraka: mama anatembea sokoni na kurudi. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti lililolika hubeba mzigo mdogo zaidi. Huenda mmea haukumwezesha kutembea, bali kutembea ndiko kulikompa nafuu.

(Tafadhali mwenye kupaka pilipili anawe mikono kwa sabuni kabla ya kujigusa macho. Nimewaona.)

#13 FundiJinja
Naona kila mmoja anavutia kamba upande wa riziki yake. Mkulima amesema ni tangawizi, mfamasia amesema ni kipimo, mtaalamu wa mazoezi amesema ni mazoezi, na Bibi amesema ni mikono ya Bibi. Mimi fundi wa magari nitasema kwamba bearing iliyolika haiponi kwa grisi, ila kelele hupungua, na abiria akafurahi.

#14 MpitaNjia
Hakuna aliyetaja maelezo rahisi kuliko yote. Maumivu ya goti lililolika hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hubadilisha dawa siku anapoumia zaidi, na baada ya siku mbaya kabisa, kwa kawaida hufuata siku zisizo mbaya hivyo, chochote utakachokunywa. Ushahidi upo kwenye tangawizi yenyewe ya Mkulima: jaribio la Marekani la mwaka 2001, lenye wagonjwa 247 wa magoti, lilionyesha kwamba asilimia 63 ya waliopewa dondoo ya tangawizi walipata nafuu waliposimama. Nzuri. Lakini katika kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 50 nao walipata nafuu. Nusu ya watu walipona kwa hewa.

#15 MkulimaButambala
Na hao asilimia 13 waliobaki, je, waliponywa na nani? Ukiwa na wagonjwa mia, watu kumi na watatu si wachache.

#16 MpitaNjia
Sikusema ni wachache. Nilisema mama wa mtoa mada huenda yuko katika ile hamsini, na hakuna njia ya kumtambua kwa kumtazama.

#17 BibiMaua
Aliyepona kwa hewa amepona vilevile. Goti halimuulizi mtu sababu.

#18 MuuguziArua
Nimefanya kazi na wagonjwa wa saratani, na naona mjadala huu unayumba kati ya wanaodhani mmea ni maji ya rangi na wanaodhani mmea hauna madhara. Mofini hutoka kwenye utomvu wa mpopi, na hakuna dawa ninayoiheshimu zaidi yake. Hapa Uganda tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, mofini ya maji ya kunywa imewafikia wagonjwa majumbani, na tangu mwaka 2004 sisi wauguzi tuliopata mafunzo maalumu tunaruhusiwa kuiandika. Wenye jongo nao wanaijua kolchisini, ambayo hutoka kwenye ua moja la Ulaya, hutuliza uvimbe wa kidole gumba cha mguu ndani ya saa kadhaa, na huua ikizidi kidogo. Sasa, dawa hizo zote zina kitu ambacho sufuria ya mama haina: anayeitoa anajua ndani ya kijiko kuna miligramu ngapi.

#19 MamaWaMpiganaji
Naongeza neno langu kwa sababu mwanangu ana selimundu. Ndugu na majirani, kwa nia njema, huniletea mizizi na majani ya kila namna mtoto anapopata maumivu makali ya mifupa. Nimejifunza kuwashukuru na kuyaweka pembeni, kwa kuwa figo za mtoto mwenye ugonjwa huu tayari zina mzigo wake, na daktari wetu amekataza hata diklofenaki bila ruhusa yake. Maji mengi, joto, na dawa alizopangiwa. Naomba wasomaji wasichukue chai ya goti la mtu mzima wakampa mtoto wa selimundu.

#20 MfamasiaMbale
Asante sana, Mama, hilo lilistahili kusemwa mapema.

Nina swali kwa mtoa mada, nami naliuliza kila mara ninaposikia kwamba mitishamba imefanya kazi haraka kuliko ilivyotarajiwa. Mbali na anachochemsha mwenyewe, kuna unga wowote, vidonge au chupa anayonunua? Bidhaa za viungo zinazoitwa za asili zimekutwa mara nyingi na dawa za kiwandani zilizotiwa kwa siri. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa maonyo juu ya bidhaa ziitwazo Artri King, zilizokutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Deksamethasoni ni steroidi. Humpa mtu nafuu ya ajabu, hamu ya kula na kukosa usingizi, kisha uso unaanza kujaa, sukari inapanda, na mifupa inadhoofika.

#21 MjukuuWaBombo
Swali hilo limenikosesha raha. Nimempigia dada yangu anayeishi naye. Ipo kopo ya unga wa kahawia ambayo mama hununua kwa mchuuzi anayepita na kipaza sauti, na hutia nusu kijiko kwenye chai ileile. Lebo ina picha ya mti na maneno "asilimia mia asili", haina jina la mtengenezaji wala namba ya usajili. Mama hakuiona kuwa dawa ya kutajwa, kwa sababu kwake ni kiungo kama viungo vingine.

#22 TemboMasindi
Kumbe! Na mimi nimewatetea sokwe wote hawa kwa ajili ya kopo la mchuuzi.

#23 MpitaNjia
Sasa jaribio ni jepesi. Mwondoleeni kopo kwa wiki mbili, abaki na manjano, tangawizi na mululuza wake, halafu dada aandike kila jioni goti liko vipi, bila kumwambia mama kitu.

#24 MuuguziArua
Ndugu, hapana, tafadhali msifanye hivyo. Kama ndani ya kopo kuna steroidi na ameitumia kwa muda, tezi zake zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe zimezoea kupumzika, na kuiondoa ghafla kunaweza kumwangusha kwa shinikizo la chini la damu, kutapika na udhaifu mkubwa. Mpelekeni kwanza apimwe presha na sukari, mweleze daktari habari yote pamoja na kopo lenyewe, na yeye ndiye apange kama itapunguzwa polepole. Pia aulizwe kuhusu choo cheusi, kwa sababu diklofenaki ya siri juu ya tumbo lililokwisha kuumizwa na diklofenaki ya wazi ni hatari mara mbili.

#25 MfamasiaMbale
Naunga mkono kila neno. Kopo lisitupwe, na unga usihamishwe kwenye chombo kingine. Mamlaka ya Taifa ya Dawa hupokea taarifa za bidhaa zinazotiliwa shaka, na kopo lenye lebo yake ni ushahidi kuliko kijiko cha unga kwenye mfuko wa plastiki. Hata hivyo nisieleweke vibaya: sijasema kwamba lina kitu. Inawezekana ni unga wa magome tu.

#26 FizioGulu
Mtoa mada, jambo moja lingesaidia sana kabla hatujaendelea kubishana. Nafuu ilianza lini: kabla ya kopo au baada yake?

#27 MjukuuWaBombo
Nimewauliza wote wawili kwa nyakati tofauti. Mama anasema goti lilianza kutulia kwa mululuza, na kopo lilikuja baadaye. Dada anasema kopo lilikuwepo tangu mwezi wa Ramadhani, kabla mti wa mululuza haujapandwa uani. Tutampeleka mama kwa daktari Jumatatu, na amekubali kwenda kwa sharti kwamba asikatazwe chai.